Kasi ya Wapi Hadi Wapi?

Anayenunua maharagwe katika soko la Gitega huona kilo ikipimwa mbele ya macho yake. Anayenunua intaneti hupewa ahadi. Huambiwa kwamba mtandao una kasi ya "hadi" megabiti kadhaa kwa sekunde, hulipa faranga zake, kisha jioni video ikiganda, au sauti ya ndugu aliyeko Kanada ikikatika kila baada ya maneno mawili, hana cha kushika mkononi isipokuwa hisia kwamba amepunjwa. Vipimo vipo, na wengi wamewahi kuvitumia: mtu hufungua tovuti au programu ya kupima kasi, hubofya mara moja, na baada ya nusu dakika hupewa tarakimu. Tatizo ni namna tarakimu hiyo inavyosomwa. Watu huichukua kuwa sifa ya nyumba. Mtandao wangu ni kumi, wa jirani ni kumi na tano. Lakini kasi ya intaneti haikai nyumbani. Ni kasi ya njia, inayoanzia kwenye kifaa fulani na kuishia kwenye kompyuta fulani ya mbali, katika dakika fulani. Ukibadilisha kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, tarakimu hubadilika, na matokeo yote mawili yanaweza kuwa ya kweli. Ninachotetea hapa ni kwamba anayepima bila kujua njia imeishia wapi bado hajapata jibu, na kwamba akishajua, kipimo kilekile cha bure kinageuka kuwa hoja ambayo kampuni ya mawasiliano haiwezi kuipuuza kirahisi.

Tuichukue Nyamugari. Jina hili lipo Gitega, na lipo Muyinga pia, na kuziweka sehemu hizo mbili pamoja kunasaidia kueleza jambo zima. Burundi haina bahari. Karibu kila picha na kila sauti inayotoka mabara mengine huja kwa mikongo iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama SEACOM na TEAMS iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Hufika Dar es Salaam au Mombasa, kisha hupanda bara kwa mkongo wa nchi kavu. Kabla ya hapo nchi iliegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na umbali huo peke yake ulichelewesha kila jibu kwa karibu nusu sekunde, hata kama mitambo yote ilikuwa mizuri. Mkongo wa ndani ya nchi ulijengwa chini ya Burundi Backbone System, ubia wa serikali na kampuni za mawasiliano uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mmoja wa milango yake ni mpaka wa Kobero, unaotazamana na Kabanga upande wa Tanzania. Kobero iko Muyinga, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza.

Kwa kuitazama ramani, mtu angesema Muyinga ingekuwa na mtandao mwepesi kuliko Gitega, na mwepesi zaidi kuliko Bujumbura, kwa kuwa iko mlangoni. Mambo hayaendi hivyo. Data ya simu haitoki kwenye mnara ikaenda moja kwa moja duniani. Hupelekwa kwanza kwenye mitambo mikuu ya kampuni, na mitambo hiyo kwa kawaida huwekwa katika mji mkubwa wa biashara, ndipo ielekezwe inakotakiwa. Ujumbe wa mtu wa Muyinga unaweza basi kuteremka hadi kando ya Ziwa Tanganyika, halafu ukapanda tena na kupita karibu na kilima ulikotoka ili kuvuka mpaka. Mtu wa Nyamugari ya Gitega, aliye katikati ya nchi, naye hupitia njia hiyohiyo ya kwenda Bujumbura kwanza. Kwa hiyo kuwa karibu na mkongo si kuwa na kasi, na mnara unaoonekana dirishani hausemi mengi kuhusu safari iliyobaki nyuma yake. Mnara wenyewe unaweza kuunganishwa na mkongo kwa waya wa nyuzi za kioo, au kwa mawimbi ya redio yanayorukishwa kutoka kilima hadi kilima, na uwezo wa njia hizo mbili haulingani hata kidogo.

Sasa kipimo chenyewe. Programu ya kupima hufanya kazi tatu. Kwanza hutuma ujumbe mdogo kwa seva na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Huo ndio ucheleweshaji, ambao wengi huuita pingi. Pili hupakua data isiyo na maana yoyote, kwa wingi unaowezekana, kwa sekunde kama kumi au kumi na tano, halafu hugawa kiasi kilichofika kwa muda uliotumika. Tatu hufanya hivyo kwa upande wa kupakia. Matokeo ya kazi mbili za mwisho hutolewa kwa megabiti kwa sekunde, na hapa ndipo malalamiko mengi ya bure huzaliwa, kwa sababu mafaili na vifurushi vyetu huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde hushusha megabaiti moja tu kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itahitaji karibu dakika kumi na mbili hata mambo yakienda vizuri kabisa, na itahitaji zaidi kidogo kwa kuwa sehemu ya kila pakiti hubeba anwani na maelezo ya safari. Aliyetarajia dakika moja na nusu hajaibiwa na yeyote.

Jambo zito zaidi ni uchaguzi wa seva. Speedtest ya kampuni ya Ookla, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006 na ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, hutafuta seva inayojibu upesi kuliko nyingine. Nyingi ya seva hizo huwekwa na kampuni za mawasiliano zenyewe, mara nyingi ndani ya mitandao yao. Tena hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja ili kuijaza njia kabisa. Fast.com, ambayo Netflix iliitoa mwaka 2016, hupakua kutoka kwenye seva zilezile zinazobeba filamu zake, kwa hiyo hujibu swali tofauti: je, filamu itafika? M-Lab, mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2009 na unaoweka matokeo yake hadharani, hutumia kipimo kiitwacho NDT ambacho kwa desturi hufungua muunganisho mmoja tu hadi seva iliyo nje ya mtandao wa kampuni yako. Mtu akivipima vyote vitatu ndani ya dakika tano akiwa amekaa mahali pamoja, anaweza kupata tarakimu tatu zinazopishana sana, akahitimisha kwamba viwili ni vya uongo. Hitimisho hilo si sahihi. Cha kwanza kimeonyesha uwezo wa njia kati ya nyumba na mitambo ya kampuni, ambayo kampuni inaimiliki na inaijibia yenyewe. Cha mwisho kimeonyesha njia hiyo pamoja na yote yanayofuata, ikiwemo sehemu ambayo kampuni huinunua kwa wengine kwa fedha za kigeni. Kwa nchi ambayo fedha za kigeni zimekuwa adimu miaka ya karibuni, sehemu hiyo ya pili ndiyo ningeitilia shaka kwanza, na ndiyo ambayo kipimo kinachopendwa zaidi hakiigusi.

Tukio la tarehe 12 Mei 2024 linaonyesha tofauti hiyo vizuri. Siku hiyo mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za upande wetu wa bara zikapoteza sehemu kubwa ya uwezo wao wa kufika nje. Tanzania iliumia vibaya, na Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa ingawa kwa kiasi kidogo. Mnara wa Gitega haukuwa na kasoro siku hiyo, wala mkongo wa ndani, wala mitambo ya Bujumbura. Aliyepima hadi seva ya ndani ya nchi angeweza kuona tarakimu nzuri kuliko kawaida, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekata tamaa na kuacha kutumia mtandao, huku barua pepe yake ya kwenda Ulaya ikiwa imekwama. Angekuwa na cheti cha afya njema na mtandao usiofanya kazi. Miezi michache nyuma, Februari ya mwaka huohuo, mikongo mingine ikiwemo SEACOM ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Matukio ya namna hii si ya kila wiki, lakini msongamano katika njia za kutoka nje ni wa kila jioni, na huo hautangazwi na mtu.

Kinyume chake pia hutokea. Yapo mambo yanayofika upesi kwa sababu hayatoki mbali. Kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka nakala za vitu vinavyotazamwa sana ndani ya mitandao ya nchi au ya majirani, na Bujumbura ina kituo cha kubadilishana data, BDIXP, kilichozinduliwa mwaka 2014 kwa msaada wa Umoja wa Afrika ili ujumbe kati ya Mrundi na Mrundi usilazimike kupita Ulaya. Ndiyo maana wimbo maarufu unaweza kuchezwa bila kusita katika simu ileile ambayo inashindwa kufungua maktaba ya chuo cha nje kwa mwanafunzi wa Gitega. Mwanafunzi huyo akimwambia jirani yake kwamba mtandao ni mbovu, na jirani akajibu kwamba mtandao ni mzuri, wote wawili wanasema kweli kuhusu njia mbili tofauti.

Kabla ya kuilaumu kampuni, hata hivyo, kuna mita chache za kwanza ambazo ni za mwenye nyumba. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za matofali ya kuchoma chini ya mabati, na mabati ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio: huyarudisha yalikotoka. Kifaa cha mtandao kilichofichwa ndani ya kabati katika chumba cha nyuma hupokea mawimbi dhaifu ya mnara, kisha hutawanya waifai dhaifu kwa walio sebuleni, na anayepima akiwa uani hupima kuta zake. Waifai ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi lakini hugombaniwa na vifaa vya majirani. Ile ya gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini huchoka haraka ukutani. Simu ya zamani ina kikomo chake, kompyuta inayojisasisha kimyakimya hula njia bila kuuliza, na kijana anayetazama mpira kwenye simu nyingine ameshachukua fungu lake. Kwa hiyo kipimo kinachostahili kuitwa ushahidi huanza kwa kuviondoa hivi: unganisha kompyuta kwa waya ikiwa kifaa kina tundu la waya, au simama karibu nacho bila ukuta katikati, zima vingine vyote, ndipo upime. Kisha upime tena pale unapokaa kila siku. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni yako, na unaweza kuipunguza bila kulipa mtu, mara nyingi kwa kukisogeza kifaa dirishani upande unaoelekea mnara. Anayetumia simu kama chanzo cha mtandao wa nyumba nzima, kama wafanyavyo wengi, naye aijaribu simu hiyo katika kila pembe ya nyumba.

Halafu kuna suala la saa. Mnara mmoja wa 4G unaotumia mkanda wa megahezi 20, kwa mpangilio wa kawaida wa antena mbili, una uwezo wa juu wa kinadharia wa kama megabiti 150 kwa sekunde kwa kila upande unaouhudumia, na uwezo huo hugawanywa kwa wote walio upande huo kwa wakati mmoja. Saa kumi alfajiri anayekesha anaweza kuupata karibu peke yake. Saa mbili usiku, baada ya chakula, wakati watu wa mtaa mzima wako kwenye simu zao, kila mmoja hupata kipande. Tarakimu ya alfajiri ndiyo inayopendeza kwenye tangazo, ya usiku ndiyo unayoishi nayo. Umeme nao una mkono wake. Mnara ambao umeme wa shirika la Regideso umekatika hutegemea betri au jenereta, na katika nchi iliyopitia miaka ya uhaba wa mafuta, jenereta si dhamana. Kipimo kimoja cha mchana mmoja hakiwezi kubeba mambo haya yote. Vipimo vichache vilivyosambazwa asubuhi, mchana na usiku, katika siku za kazi na Jumapili, vinaweza.

Ningependa pia wapimaji waache kuitazama tarakimu kubwa peke yake. Mahitaji halisi ya nyumba nyingi ni madogo kuliko matangazo yanavyotufanya tuamini. YouTube yenyewe hupendekeza kama megabiti 1.1 kwa sekunde kwa video ya ubora wa kawaida wa 480, megabiti 2.5 kwa ile ya 720, na megabiti 5 kwa ile ya 1080. Simu ya sauti kupitia WhatsApp haihitaji hata sehemu ya kumi ya megabiti. Mbona basi mwenye megabiti 10 anashindwa kuzungumza na dada yake? Mara nyingi sababu ni ucheleweshaji na kuyumba kwake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Gitega hadi Ulaya kwa njia ya bahari ni zaidi ya kilomita 8,000 hata kwa hesabu ya kubana, kwa hiyo milisekunde 80 ni deni la maumbile ambalo hakuna kampuni inayoweza kulifuta, na katika maisha ya kawaida deni hilo huwa kubwa zaidi. Hilo halizuii mazungumzo. Kinachoyazuia ni foleni. Kifaa cha mtandao kilichowekewa nafasi kubwa mno ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri huzikusanya badala ya kuzitupa, na mtu mmoja akianza kupakia picha za harusi, sauti za wengine hupanga mstari nyuma ya picha hizo. Mhandisi Mmarekani Jim Gettys aliipigia kelele kasoro hiyo miaka ya 2010 na 2011, na leo baadhi ya vipimo huonyesha ucheleweshaji mara mbili: njia ikiwa tupu, na njia ikiwa imejaa. Ukiona milisekunde 60 zimegeuka 900 wakati wa kupakia, umeupata ugonjwa wako, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutauponya.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la kweli na linastahili heshima: kupima kunakula mega. Kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde, sekunde 15 za kupakua hula megabaiti 37.5, bado kupakia hakujahesabiwa, na kadiri mtandao ulivyo na kasi ndivyo kipimo kinavyokuwa ghali. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi anatumia intaneti, na wengi wao hununua kidogokidogo kwa siku, kumwambia mtu apime mara tatu kwa siku ni kumwambia atupe fedha. Jibu langu ni kwamba sehemu ya kipimo iliyo na faida kubwa ndiyo iliyo rahisi zaidi. Amri ya ping imo katika karibu kila kompyuta, na pingi mia moja hazifiki kilobaiti 20. Zinatosha kuonyesha kama jibu linarudi upesi au kwa kusuasua, kama kuna pakiti zinazopotea, na kama hali ya saa mbili usiku ni mbaya kuliko ya asubuhi. Tena si lazima kila nyumba ipime kila kitu. Vipimo vizito vinaweza kufanywa na shule, na zahanati, na mwenye duka la intaneti, na nyumba yenye kifurushi kisicho na kikomo, kisha matokeo yakawa ya mtaa mzima, kwa sababu mnara ni mmoja.

Pingamizi la pili husikika zaidi: hata nikijua, nitafanya nini? Kampuni ni chache, na mnyonge hana haki. Nalikataa. Chaguo lipo, ingawa si pana: Onatel ya serikali, Econet Leo, Lumitel iliyoingia sokoni mwaka 2015, watoa huduma wadogo wa mijini, na tangu mwaka 2024 setilaiti za Starlink kwa mwenye uwezo. Hizi za mwisho huzunguka kama kilomita 550 tu kutoka ardhini, ndiyo maana hazicheleweshi kama zile za zamani. Lakini hata kwazo swali la wapi hadi wapi linabaki, kwa kuwa data lazima ishuke mahali fulani duniani kabla ya kuendelea, na mahali hapo ndipo panapoamua. Kampuni inayoshinda Bujumbura si lazima ishinde Nyamugari, na inayoshinda Nyamugari ya Gitega inaweza kushindwa katika ile ya Muyinga. Anayepima kabla ya kununua kifaa, kwa kuazima laini ya jirani kwa jioni moja, ameshafanya jambo ambalo tangazo lisingemfanyia.

Na haki nayo imejengwa kwingine kwa vipimo vya watu wa kawaida. Uingereza, hadi mwaka 2018, kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ya "hadi" kiasi fulani ikiwa asilimia 10 tu ya wateja waliipata. Tangu Mei ya mwaka huo, kasi inayotangazwa kwa nyumba lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Tangu Desemba 2021 mteja anaweza kudai kupunguziwa malipo ikiwa kasi yake iko chini ya mkataba, lakini ni lazima athibitishe kwa programu ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa vipimo 30 vilivyogawanywa katika siku tatu tofauti. Angalia utaratibu huo unavyofanana na mtu mwenye daftari: vipimo vingi, siku tofauti, kifaa kimoja, masharti yaleyale. Mtu mmoja mwenye kipimo kimoja alikuwa mlalamikaji. Mwenye vipimo thelathini ni mdai.

Kampuni nazo zina neno lao, nalo ndilo pingamizi la tatu. Husema vipimo vya wateja havifai kutegemewa: mtu anapima kwa simu mbovu, nyuma ya kuta mbili, kisha anailaumu kampuni. Wana haki, na nimeshakubali hapo juu kwamba mita za kwanza ni za mwenye nyumba. Lakini hoja hiyo inawageukia wao. Ikiwa kipimo kisicho na masharti hakina thamani, basi hata ahadi isiyo na masharti haina. "Hadi megabiti 20" bila kutaja saa, bila kutaja seva, bila kusema ni ndani ya nchi au nje, ni kauli ambayo haiwezi kukanushwa wala kuthibitishwa, na kauli ya namna hiyo haipaswi kuuzwa kwa fedha. Anayedai mteja apime kwa nidhamu aanze kwa kuahidi kwa nidhamu.

Daftari la mtaa kwa hiyo lingekuwa na safu chache: tarehe na saa, kifaa, waya au waifai, programu iliyotumika, jina la seva na mji iliko, pingi, kupakua, kupakia. Programu nyingi huonyesha mji wa seva na huruhusu kuibadilisha. Ni sekunde tano za kazi ambazo wengi huziruka. Kila mara pawe na seva moja ya Bujumbura na moja ya ng'ambo, Nairobi au Marseille kwa mfano, zilezile kila siku. Baada ya wiki mbili mpangilio utajionyesha. Zote mbili zikiwa mbovu usiku na nzuri alfajiri, mnara umezidiwa, na kampuni inatakiwa kuuongezea uwezo. Ya Bujumbura ikiwa nzuri saa zote na ya ng'ambo ikaporomoka kila jioni, kampuni imenunua njia ndogo ya kutoka nje. Zote zikiwa mbovu saa zote kwa waifai lakini nzuri kwa waya, tatizo liko kwenye ukuta wako. Karatasi hiyo ikifika kwa kampuni, na ikishindikana kwa ARCT, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, itawalazimu kujibu jambo mahususi.

ARCT nayo ina uwezo wa kufanya lisilowezekana kwa mtaa mmoja. Inaweza kuhimiza seva ya kupimia isiyo ya kampuni yoyote iwekwe katika kituo cha BDIXP, ambako mitandao ya nchi hukutana, ili kila kampuni ipimwe hadi mahali palepale. Inaweza pia kuagiza kwamba kila tangazo la bei libebe tarakimu mbili badala ya moja: kasi ya saa mbili usiku hadi kituo hicho, na kasi ya saa hiyohiyo hadi seva moja ya ng'ambo iliyotajwa kwa jina la mji wake.